Samaki aina ya basi wanafuata rapala yangu (chambo bandia) mpaka miguuni halafu wanageuka, nakosea wapi? (bwawa la maji maangavu, Mufindi)

KijanaWaNyololo

Kamwene wakuu. Najua humu wengi ni wa kambale na sato lakini naamini hatukosi hata wawili wanaojua haya mambo ya chambo bandia, naombeni msaada maana nakaribia kuuza fimbo.

Nipo Mufindi huku kwenye chai. Kuna bwawa wanatumia kumwagilia chai kiangazi, lipo bondeni, upande mmoja chai upande mwingine mipaini, na ndani mna wale samaki wa kizungu wanaoitwa basi (largemouth bass, yaani basi wa mdomo mkubwa). Wazee wa hapa wanasema waliletwa na wazungu wa mashamba enzi hizo. Nimeomba ruhusa kwa msimamizi, kanikubalia kuvua wikiendi kwa fimbo tu, nyavu marufuku.

Sasa maji ya hilo bwawa ni maangavu balaa. Ukisimama kwenye tuta unaviona visiki vya chini mpaka futi kumi hivi. Binamu yangu kaniletea rapala sita ndogo za kidole kimoja, zile zenye kidomo kifupi cha plastiki mbele, ukivuta zinazama futi tatu au nne basi, ukiacha zinaelea. Narusha, navuta taratibuuu kwa mwendo mmoja kama nilivyoona kwenye video, na samaki ANAKUJA wakuu, sisimuliwi, namuona kwa macho yangu anatoka kwenye kisiki, mrefu kama mkono mpaka kiwiko, anaifuata rapala hatua kwa hatua, anaikagua kama mteja wa mitumba anayetafuta tobo kwenye koti, ikifika kama mita tatu kutoka miguuni kwangu anageuka anarudi zake. Jumapili ya tatu hii sijagusa hata mmoja.

Vifaa vyangu: fimbo futi saba, rili (kizungushio cha mshipi) ya kawaida, mshipi nailoni wa milimita 0.50 ule ule navulia kambale. Rangi ninazo mbili za kichwa chekundu mwili mweupe, moja ya njano inayowaka, moja ya dhahabu na mbili za bluu. Naanza saa nne nikitoka kanisani mpaka saa nane mchana, nasimama juu ya tuta maana kwingine kote ni matete.

Je tatizo rangi? Au nitafute zinazozama zaidi?

UyoleFinest

Yaani mkuu umeachwa na basi Jumapili tatu mfululizo halafu unauliza rangi 😂😂 nenda stendi ya Mafinga hapo, kuna mabasi ya rangi zote na yanasimama yenyewe

Samahani natania. Nafuatilia uzi, na mimi nina fimbo imelala stoo Uyole toka mwaka juzi.

MzeeChubwi

Kijana wa Nyololo, hujambo mdogo wangu. Kwanza usiuze fimbo. Samaki akikufuata mpaka miguuni maana yake kazi kubwa umeshaimaliza, chambo kimemtoa nyumbani kwake. Kilichobaki ni kumnyima muda wa kufikiri, na wewe hapo unampa muda wote wa dunia.

Mimi miaka ya tisini nilikuwa dereva kule Naivasha, Kenya, kwenye mashamba ya maua. Lile ziwa wazungu waliweka basi toka 1929, waliwaagiza kutoka Marekani kwa ajili ya mchezo wa kuvua tu. Bosi wangu alikuwa mgonjwa wa huo mchezo, kila Jumamosi mimi ndio mpiga kasia, na kwa kukaa naye nikajifunza. Siku ya kwanza nilivuta kama wewe, polepole, kwa adabu. Akaniambia unamwonyesha samaki bidhaa au unamuibia?

Sikiliza. Maji ya tope samaki anatafuta chambo kwa mtikisiko, hapo taratibu ni sawa. Maji maangavu anatumia macho. Ukivuta taratibu kwa mwendo mmoja anapata nafasi ya kuona ndoano, kuona mshipi, kuona kwamba huyu dagaa gani hageuki wala hashtuki. Kwaiyo zungusha rili haraka, haraka kweli, mizunguko mitano sita, halafu SIMAMA ghafla. Rapala yako inaelea, ukisimama itaanza kupanda yenyewe kama samaki aliyechoka. Hesabu moja, mbili, anza tena. Tisa kati ya kumi atakaokupiga watakupiga pale uliposimama au pale unapoanza tena.

Pili, hizo za kidomo kifupi kilichosimama wima hazikutengenezwa zipite katikati ya maji matupu. Zimetengenezwa zigonge. Kile kidomo ndio bampa, kinatangulia kugonga kisiki, rapala inaruka pembeni ndoano zikiwa nyuma yake, na samaki aliyelala kwenye kisiki anashtuka anapiga bila kuuliza. Wewe una visiki vya kuona kwa macho, wenzio wanavitafuta kwa mashine, na bado unavikwepa! Vigonge.

Tatu mshipi. 0.50 kwenye maji kama hayo ni kamba ya kuanikia nguo. Weka 0.25 mpaka 0.28, mwembamba hauonekani sana, unarusha mbali zaidi, na rapala inazama zaidi kidogo kwa sababu mshipi mnene unaburuzwa na maji unaibeba juu. Kwaiyo swali lako la kuzama zaidi, futi moja ya ziada utaipata kwenye mshipi bila kununua kitu. Na ncha ya fimbo ukivuta ishushe chini karibu na maji, ukiinua juu inapanda.

Nne saa. Saa nne mpaka saa nane kwenye maji maangavu jua likiwa utosini, hata mimi nisingekula. Saa kumi na mbili asubuhi ukungu ukiwa juu ya maji, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Ikibidi mchana subiri upepo, maji yakiwa na vijiwimbi basi anakuwa jasiri.

Rangi ni jambo la mwisho kabisa.

SeremalaSaoHill

Mzee Chubwi shikamoo. Nakubali yote ila hapo kwenye rangi nipinge kidogo kwa heshima. Maji maangavu rangi ni kitu, sio cha kwanza lakini sio cha mwisho. Hiyo njano inayowaka ni ya maji ya tope, kwenye maji meupe ni kama mtu kaingia msibani na suti ya harusi. Na hiyo nyekundu nyeupe hivyo hivyo.

Mimi nachonga mwenyewe hizi kitu, nina karakana ya samani huku Sao Hill, mabaki ya mbao hayaishi. Nilianza baada ya kusoma habari za yule mvuvi wa Ufini, Lauri Rapala, ambae ndio hilo jina tunaloita kila chambo bandia limetoka kwake. Mwaka 1936 alichonga cha kwanza kwa kizibo, juu akazungushia karatasi ya fedha ya chokoleti ing'ae kama magamba, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha negativu za picha akapaka. Nikasema kama yeye alianza na takataka mimi nashindwaje.

Paini nimejaribu, nzito kidogo na ukikosea vanishi inakunywa maji inaanza kuzama kitako. Kinachonikubali ni maboya ya zamani ya nyavu, lile povu gumu, napitisha waya wa stenlesi katikati kuanzia puani mpaka mkiani ili ndoano zishike kwenye waya zisishike kwenye povu. Kidomo nakata kwenye CD mbovu. Hapa ndio siri, kidomo ukikisimamisha karibu wima na kikawa kifupi, inazama futi mbili tatu na inatikisika sana. Ukikilaza mbele na kukirefusha inazama mbali. Nilipoteza wiki nzima na hilo kabla sijaelewa.

Rangi napaka mgongo wa kijani cheusi, tumbo jeupe, ubavuni karatasi ya pakiti ya sigara. Inafanana na kifaranga cha sato. Kijana hebu angalia kwanza hapo bwawani samaki wadogo wanafananaje, ufuate hiyo.

MzeeChubwi

Marahaba fundi. Nimekubali nusu. Hilo la kuangalia wanakula nini ni kweli kabisa. Naivasha kulikuwa na kamba wekundu wa maji baridi waliowekwa 1970, basi walikuwa wanawala sana, kwaiyo rapala ya kahawia yenye wekundu ndio ilikuwa mfalme. Ukiileta hiyo kwenye bwawa lisilo na kamba unamletea samaki chakula asichokijua. Lakini nasisitiza, nimeona mtu anavua na rapala iliyochubuka rangi yote imebaki plastiki tupu, na anatupita sote.

TichaMstaafu

Wadau mmesema ya mshipi na rangi mmesahau kitu kikubwa kuliko vyote, YEYE MWENYEWE. Kijana anasema samaki anageuka mita tatu kutoka miguuni. Kila mara mita tatu. Rapala haijabadilika hapo, mshipi haujabadilika, kilichobadilika ni kwamba samaki kamuona jitu limesimama juu ya tuta.

Nilifundisha fizikia miaka mingi, hii ni mada ya kidato cha tatu. Mwanga ukitoka hewani kuingia majini unapinda. Kwaiyo samaki akiangalia juu, dunia yote ya nje anaiona kupitia duara moja la kama nyuzi 97, nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo tu. Vitu vilivyo juu vinaonekana vizuri katikati ya duara, vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji vinabanwa pembeni mpaka havieleweki. Wewe juu ya tuta, na shati jeupe la kanisani nadhani, mgongoni mbingu tupu, unaonekana kama mnara wa simu. Shuka kwenye tuta, rudi nyuma hatua tatu nne kutoka ukingoni, chuchumaa, vaa nguo ya kijani au kahawia, na hakikisha jua halitupi kivuli chako majini. Hapo hapo ulipo, rapala hiyo hiyo.

Na usitembee kwa kukanyaga kwa kishindo, tuta linapeleka mtikisiko majini vizuri sana.

KijanaWaNyololo

Ticha umejuaje shati jeupe 😅

UyoleFinest

Ticha katisha. Mnara wa simu 😂

Nimegugo hapa, kumbe basi mkubwa kuliko wote kwenye rekodi alivuliwa Georgia Marekani 1932, halafu 2009 Mjapani akavua mwingine Ziwa Biwa wakalingana, wote kilo kumi na kidogo. Kwaiyo huyo wa kiwiko wa kijana ni konda tu, dereva bado hajatokea.

MbaraliKwetu

Wakuu huu uzi umenifungua macho. Mimi nina bwawa langu la kuchimba huku Mbarali, na jirani kuna mfereji mkubwa wa mpunga. Kijana ukiwapata hao basi vifaranga hata ishirini niwekee kwenye ndoo na maji, nikupe nauli na ya soda, nije kuwaotesha huku kwangu. Sato tumewachoka.

BintiRungwe

Kaka Mbarali hapana, tafadhali sana. Nafuga sato Tukuyu mwaka wa nane sasa, naongea kwa uchungu. Basi ni mla nyama, anakula vifaranga vya kila samaki anayeingia mdomoni kwake na ukubwa wa huo mdomo upo kwenye jina lake. Yupo kwenye ile orodha ya dunia ya viumbe 100 wageni waharibifu zaidi. Afrika Kusini walimwingiza 1928 na mpaka leo kuna mito kule Cape samaki wao wadogo wa asili wamebaki sehemu za juu tu ambako basi hajafika. Sasa wewe mfereji wako unamwaga wapi? Mbarali maji yote yanaishia Ruaha Mkuu, na Ruaha inaingia Mtera, hapo watu wanaishi kwa sato na perege. Mvua moja ya masika bwawa likifurika kazi imeisha.

Na kisheria kuhamisha samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale bila kibali cha uvuvi ni kosa, sheria ipo toka 2003. Hata wewe Kijana, ruhusa ya msimamizi ni ya kuingia shambani kwake tu, pita ofisi ya uvuvi wilayani ukaulizie leseni usije ukaharibiwa siku. Akiwa bwawani kwenu huko ndio ameshakuwa, mvueni mle. Msimtembeze.

MbaraliKwetu

Dada nimekuelewa. Sikujua kama ni mla vifaranga kiasi hicho. Nimefuta.

BintiRungwe

Ndaga fijo (asante sana) kaka.

MzeeChubwi

Binti ameongea. Niongeze dogo kwa kijana. Sasa hivi ni Agosti, huko kwenu asubuhi mikono inakufa ganzi, na basi kwenye maji ya baridi anakuwa mzito. Asubuhi sana anaweza kukugomea, kwa hiyo msimu huu jioni ni bora, maji yameshapata jua la kutwa. Ile kanuni ya haraka na kusimama ibaki, ila kusimama kuwe kurefu, hesabu mpaka nne tano. Septemba kwenda Oktoba maji yakianza kupata joto watasogea kwenye kina kifupi kutaga, utaona duara safi chini na dume analinda, huyo atapiga chochote kwa hasira. Mvue ukitaka lakini mrudishe pale pale haraka, akiondoka yeye sato wanakula mayai yote kwa dakika chache.

Na kabla ya yote ijaribu rapala karibu na miguu. Ikikimbilia upande mmoja badala ya kuja nyoofu, ishike ikikuangalia, kile kijicho cha waya unachofungia mshipi kipinde KIDOGO kwa koleo kuelekea upande wa pili. Ikienda kushoto kwako pinda kulia kwako. Kidogo kama unywele. Na toa hiyo swiveli nzito (kiungo cha chuma kinachozunguka) kama umeweka, funga mshipi kwenye kipete cha rapala moja kwa moja.

KijanaWaNyololo

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Jana Jumamosi nilienda saa kumi jioni. Mshipi 0.28 nimepata Mafinga duka la pembejeo, sikutegemea kabisa, kumbe wanauza karibu na nyavu za kuku. Nilivaa koti la mvua la kijani la kazini. Sikusimama kwenye tuta, nilijibanza kona ambapo tuta linakutana na matete nikawa natupa sambamba na tuta, sio kuelekea katikati, maana nilifikiria maneno ya mzee kuhusu visiki nikaona hata mawe ya tuta ni kitu cha kugonga.

Rapala nilichagua ile ya dhahabu, mgongo nikaupaka wino mweusi wa makapeni. Fundi usinicheke.

Nusu saa ya kwanza kimya. Nilivuta haraka nikasimama, haraka nikasimama, mkono ukaanza kuuma. Wawili walinifuata, lakini safari hii walifuata kwa kasi, sio kwa kukagua, na mmoja aliigonga kwa pua akaiacha. Nikasema tunaelekea.

Sasa kilichotokea mtanisamehe. Rapala iko majini, nimevuta mizunguko kama sita, simu ikaita, mama mkwe. Simu ya mama mkwe haikatwi. Nikaacha rili, naingiza mkono mfukoni, shikamoo mama, kabla hajajibu fimbo ikapinda mpaka nikaisikia inalia. Sijui nilimwambia nini mama mkwe, nilijikuta simu iko kwenye nyasi inaongea peke yake na mimi nimeshika fimbo kwa mikono miwili. Aliruka nje ya maji mara mbili anatikisa kichwa, mdomo wazi mkubwa kama kikombe, nikawa nimelegeza rili anakimbia navuta, mpaka nikamleta kwenye matete nikamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba. Mzani wa dukani kilo moja na robo. Mama watoto kamkaanga, nyama nyeupe, tamu, miiba michache kuliko sato.

Mama mkwe nimempigia baadae nikamweleza. Anauliza amebaki?

Ila kuna msiba. Kwa kufuata ushauri wa kugonga visiki nimepoteza rapala mbili, zote za bluu. Zinanasa, navuta, zinakaza, navuta kwa nguvu, mshipi unakatika kwa sababu sasa ni mwembamba. Fundi unauza shilingi ngapi moja?

SeremalaSaoHill

Hongera sana mkuu!! Hizo sijawahi kuuza, nikichonga mbili za ziada nitakupa bure uzijaribu, niletee majibu tu. Na huo wino wa makapeni paka vanishi ya kucha juu yake la sivyo utaondoka.

MzeeChubwi

Hongera mdogo wangu, na msalimie mama mkwe, ndiye aliyehesabu mpaka tano.

Kuhusu kunasa. Usivute. Ukiisikia imegonga na kukwama acha hapo hapo, legeza mshipi kabisa, shusha fimbo. Hiyo rapala inaelea, ikipata nafasi itarudi nyuma na kupanda yenyewe, mara nyingi inajitoa. Ukivuta ndio unazika ndoano kwenye mti.

KijanaWaNyololo

Mzee hilo ungelisema Ijumaa.